Chanjo ya HPV kliniki: jinsi ya kuiongelea mpaka binti akae kwenye kiti

Wenzangu wa kliniki za serikali, hii ni yetu sote, manesi, matabibu, wa mapokezi, wa takwimu, hata dada anayefagia korido, maana huyo anaulizwa maswali na wagonjwa kuliko dokta. Nimekaa chumba cha chanjo miaka ya kutosha na kuna kitu nimekiona tena na tena: wazazi wanaokataa chanjo ya HPV, hii ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, kabisa kabisa ni wachache. Wengi tunawapoteza sisi wenyewe, ama hatukuwaambia, ama tuliwaambia kwa sauti ya mtu ambaye hata yeye haamini anachosema.

Nianze na la kwangu. Alikuja mama na kichanga kwa ajili ya chanjo zake za kawaida, pembeni kasimama binti yake wa miaka kama 11 kashika mfuko wa nailoni wenye kadi. Nikamchanja mtoto, nikajaza kadi, afu wakati mama anamrudisha mtoto mgongoni nikasema kama kitu nilichokumbuka njiani, "halafu kuna hii ya HPV ya wasichana, sijui kama utapenda achanjwe au mtaenda kuongea kwanza nyumbani." Mama akaniangalia usoni kidogo, akasema basi tutaongea na baba yake. Hawakurudi. Jioni nikawa najiuliza, ile ya kichanga mbona sikumuuliza kama atapenda? Nilimwambia tu leo ana sindano mbili, mshike mguu hivi, akamshika. Ile "sijui kama utapenda" yangu ndo ilimtoa mlangoni.

Kwa hiyo huu mwongozo umekaa kwa mpangilio wa siku yenyewe ya kliniki, kuanzia asubuhi kabla hujafungua mlango mpaka binti anaondoka.

Hatua ya 1: ujue wewe kwanza

Huwezi kumshawishi mtu kwa kitu ambacho wewe mwenyewe umekishika nusu nusu. Hauhitaji kukariri kitabu, ila haya yawe kichwani kama jina lako.

HPV ni kundi la virusi, zipo aina zaidi ya 200, nyingi hazina shida kubwa. Vinaambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, hasa kwenye tendo la ndoa, na vimeenea kiasi kwamba karibu kila mtu anayeshiriki tendo la ndoa atakutana navyo wakati fulani maishani. Mwili wenyewe huvifukuza mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili. Shida ni pale aina zile kali zinapogoma kutoka. Aina ya 16 na ya 18 peke yake ndo zinasababisha kama asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi, na safari kutoka maambukizi mpaka saratani kwa kawaida ni miaka 15 hadi 20, kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kuwa 5 hadi 10 tu. Aliyeonyesha kwamba virusi hivi ndo chanzo ni Mjerumani Harald zur Hausen, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2008, na wakati anaanza kusema hivyo wataalamu wengi hawakumwamini.

Mwaka 2022 wanawake kama 660,000 duniani waligundulika na saratani hii na kama 350,000 wakafariki, wengi mno wakiwa nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kule kule ambako vipimo na tiba vinachelewa kufika.

Chanjo yenyewe ilianza kutumika mwaka 2006. Ndani yake hakuna kirusi kizima wala kilichokufa, kuna ganda tu la protini linalofanana na ganda la kirusi, tupu ndani, halina vinasaba. Kwa hiyo haiwezi kumpa mtu HPV, na haiwezi kumpa mtu saratani. Hii sentensi ya mwisho utaitumia kila siku, izoee.

Walengwa wakuu kwa mujibu wa WHO, Shirika la Afya Duniani, ni wasichana wa miaka 9 hadi 14. Tangu Desemba 2022 WHO imesema dozi moja inatosha kwa umri huo, ingawa nchi inaweza kuchagua mbili. Wenye kinga dhaifu, pamoja na wanaoishi na VVU, wao wanahitaji angalau mbili, na ikiwezekana tatu. Fuata ratiba ya nchi yako, usilete ratiba ya kwenye mtandao.

Hatua ya 2: kituo kizima kiseme lugha moja

Hapa ndo tunapoangukia pua. Mzazi anakutana na watu watano kabla hajakufikia wewe. Akiuliza mapokezi "hii sindano ya wasichana ni salama?" akajibiwa "mimi wangu sijampeleka bado, nasikilizia", wewe huku ndani utaongea mpaka koo likauke na haitasaidia. Niliwahi kufanya kazi kituo kimoja ambapo bango la HPV lilikuwa limebandikwa juu kabisa ya dirisha la kadi na mtu aliyekaa chini ya lile bango alikuwa hajui linahusu nini. Bango lilikuwa na "kinga ni bora kuliko tiba" kwa herufi kubwa, na tuseme ukweli hiyo kauli imeshazoeleka kwenye kuta mpaka jicho linairuka.

Fanya hivi. Kwenye kikao cha asubuhi chukua dakika kumi, sio semina, dakika kumi tu, watu wote wawepo, mlinzi na wa usafi pia. Waulize wao kwanza wamesikia nini kuhusu hii chanjo. Utashangaa, uvumi mwingine hautoki mtaani, unatoka kwenye chumba chetu cha chai. Mwenzako akisema ana wasiwasi usimrukie mbele za watu, mjibu kama ungemjibu mzazi, na kama bado ana dukuduku mtafute baadaye mkae wawili. Mfanyakazi wa afya mwenye wasiwasi aliyenyamazishwa ni hatari kuliko anayeusema wazi.

Afu mkubaliane sentensi moja kwa wasiokuwa wataalamu. Sisi yetu ilikuwa hii: "Ndiyo, ni salama, inazuia saratani ya mlango wa kizazi, chumba cha chanjo watakueleza vizuri." Basi. Mlinzi hahitaji kujua zaidi ya hapo, ila hiyo aiseme bila kujikuna kichwa.

Hatua ya 3: mtafute binti aliyekwisha ingia getini

Nchi nyingi chanjo hii inatolewa mashuleni na hiyo ni sawa kabisa, shuleni ndo waliko wengi. Lakini kuna aliyekuwa mgonjwa siku ile, kuna aliyesahau fomu nyumbani, kuna ambaye hasomi kabisa, na huyu asiyesoma mara nyingi ndo atakosa na vipimo ukubwani. Wavu wa kuwadaka ni kliniki.

Sasa usisubiri waje kwa ajili ya HPV, hakuna binti wa miaka 12 anayeamka asubuhi akasema leo nakwenda kuchanjwa. Amekuja na malaria, amekuja kusafisha kidonda, amemsindikiza mama yake kliniki ya wajawazito, amebeba mdogo wake. Mtu wa kupima uzito na wa kuchukua joto awe na swali la kudumu kwa kila msichana wa umri huo: "Ulishachanjwa HPV?" Asiyejua au asiyekuwa na kumbukumbu, anawekewa alama kwenye kadi, kalamu nyekundu inatosha, akifika kwa daktari naye anaiona.

Na mafua madogo sio sababu ya kumrudisha nyumbani. Kikohozi kidogo, kuharisha kidogo, yupo kwenye hedhi, ametumia antibiotiki, vyote hivi vinatumika kama visingizio vya kuahirisha na havina msingi. Anayeahirishwa ni mwenye homa kali au anayeumwa kweli kweli, na mjamzito anasubiri mpaka ajifungue. Anayenyonyesha anachanjwa. Asiyechanjwa kabisa ni aliyewahi kupata mzio mkali kwa dozi iliyopita au kwa kitu kilichomo ndani ya chanjo, soma kikaratasi cha hiyo mliyonayo, kwa mfano zipo zilizotengenezwa kwa kutumia hamira kwa hiyo mwenye mzio mkali wa hamira hiyo sio yake.

Wala hakuna haja ya kipimo cha mimba kwa kila binti, wala kipimo cha HPV, na ole wako umuulize kama ni bikira. Nimeona mwenzetu akiuliza hilo swali mbele ya foleni, binti akatazama chini, mama akanyanyuka akamshika mkono wakaondoka. Hata kama angejibu, jibu lisingebadilisha chochote kwenye uamuzi wa kumchanja.

Hatua ya 4: tamko, sio swali

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote zinaizunguka.

Kuna utafiti ulifanyika kwenye vituo 30 huko North Carolina, Marekani, ukachapishwa 2017. Watoa huduma wa kundi moja walifundishwa kuanza kwa tamko fupi, yaani wanasema mtoto leo anastahili chanjo hizi na atazipata leo, kundi jingine wakafundishwa kufungua mazungumzo marefu, na la tatu halikufundishwa kitu. Kundi la tamko ndo lilipandisha idadi ya waliochanjwa. La mazungumzo marefu halikupandisha kitu cha maana, pamoja na muda wote uliotumika.

Haimaanishi umlazimishe mtu. Ridhaa iko pale pale na utaratibu wa nchi yako ndo unaongoza. Ila mzazi anasoma sauti yako kabla ya maneno yako. Ukiuliza kwa kusitasita anaelewa kwamba hii sio ya lazima sana, na kama nesi mwenyewe hana uhakika yeye ni nani awe na uhakika?

Jinsi ya kusema:

"Mama, binti yako ana miaka 10, leo tunamchanja chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Ni sindano moja, hapa begani. Una swali kabla hatujaanza?"

Angalia mambo matatu hapo. Nimetaja umri wake, kwa hiyo anajua hii ni ya wote wa umri huo na sio kwamba nimemwona binti yake ana tabia fulani. Nimesema saratani, sijasema HPV, maana herufi tatu hazimwambii mtu kitu na zinafanana vibaya na HIV, yaani VVU kwa Kiingereza, kuna baba aliniuliza kwa hasira mtoto wangu ana ukimwi? Na nimeacha mlango wa maswali wazi, kisha nikanyamaza. Kunyamaza nako ni kazi. Ukishauliza "una swali?" usijijibu mwenyewe, hesabu mpaka tano kimoyomoyo.

Kama kuna chanjo nyingine anastahili siku hiyo, iweke HPV katikati, usiiache mwisho peke yake kama kitu cha ajabu. Inaweza kutolewa siku moja na zingine, mkono mwingine.

Hatua ya 5: maswali, na namna ya kuyabeba

Sheria yangu: swali moja, jibu moja, kisha rudi kwenye kiti. Ukiulizwa kitu kimoja ukatoa hotuba ya dakika ishirini unamwongezea mtu mashaka ambayo hakuja nayo.

"Itamfanya asizae." Hili ni namba moja, litakuja kila wiki. Usicheke. Mtu anayeogopa ukoo wake kukatika hachekwi. Mimi huwa naanza na "hilo swali wengi wameniuliza na mimi nililiangalia kabla sijachanja mtu." Kisha: kamati ya WHO ya usalama wa chanjo ilipitia taarifa zote mwaka 2017, wakati huo zaidi ya dozi milioni 270 zilishasambazwa duniani, hawakuona uhusiano na ugumba. Afu ndo namwambia kinachomfanya mwanamke asizae ni saratani yenyewe, maana tiba yake mara nyingi ni kutoa kizazi au mionzi. Hapo wengi wananyamaza.

"Bado mdogo, hajui hata mambo hayo." Ndo vizuri. Chanjo inafanya kazi kabla ya kukutana na kirusi, haiondoi kilichokwisha ingia, mwamvuli haufunguliwi ukishalowa. Na kuna kitu wazazi hawaambiwi, kinga ya mtoto wa miaka 9 hadi 14 inaitikia chanjo hii kwa nguvu kuliko ya mkubwa, ndo maana wao dozi chache zinawatosha. Mueleze pia kwamba tulimchanja pepopunda akiwa mchanga na hakuna aliyemwambia kwa hiyo sasa aanze kukanyaga misumari. Huwa wanacheka kidogo, mabega yanashuka.

"Ni mpya, wanatujaribia." Imeanza 2006, waliochanjwa wa mwanzo sasa ni wamama. Australia ilianza mpango wa taifa 2007, Rwanda 2011. Uingereza, utafiti wa 2021 ulionyesha kwa waliopewa wakiwa na miaka 12 na 13 saratani ya mlango wa kizazi imepungua kwa asilimia 87. Sweden walipata asilimia 88 kwa waliochanjwa kabla ya miaka 17. Usitoe namba zote hizi kwa mtu mmoja! Chagua moja. Kwa mzazi mwenye mashaka ya majaribio mimi natumia umri wa chanjo tu, kwa mwalimu au mtu anayependa takwimu natoa ya Uingereza.

"Na wavulana?" Swali zuri, mara nyingi linatoka kwa baba. HPV inaleta pia saratani za koo, njia ya haja kubwa na uume, na nchi nyingi zinachanja wavulana. Zisizowachanja zimeanza na wasichana kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ndo inaua wengi zaidi, na ukichanja wasichana wengi virusi vinapungua kwa wote. Mjibu kulingana na ratiba yenu, usimuahidi kitu ambacho hamna.

"Wewe wako umemchanja?" Jibu kweli. Kama ndiyo, sema ndiyo, hilo jibu lina nguvu kuliko karatasi zote ukutani. Kama huna binti sema huna. Kama unaye na hujampeleka, ndugu yangu, malizana na hilo nyumbani kwako kwanza.

Ukiulizwa kitu hukijui sema "hilo nitakuulizia" na uulizie kweli. Uongo mdogo wa kujinasua utakurudia grupu la WhatsApp la wazazi kabla ya saa kumi jioni.

Hatua ya 6: ongea na binti mwenyewe

Tunasahau kwamba sindano inaingia kwenye mkono wa mtu. Tunaongea juu ya kichwa chake na mama yake kama anaongelewa mzigo. Mgeukie, mwite jina lake, mwambie itauma kama kuumwa na mdudu, mkono unaweza kuuma siku moja mbili, kichwa kinaweza kuuma kidogo, homa kidogo, na vinaisha vyenyewe. Muulize anataka mkono gani. Kitu kidogo hicho lakini binti aliyechagua mkono anakaa tofauti. Na yeye ndo atakayewasimulia wenzake darasani, kwa hiyo hapo unaongea na darasa zima.

Hatua ya 7: sindano na dakika 15 za baada yake

Hapa wengi mnajua kuliko mimi kwa hiyo sitakaa sana kwenye jokofu: nyuzi 2 hadi 8, isigande hata mara moja, iliyoganda haitumiki, angalia alama ya joto kwenye kichupa, ule mraba wa ndani ukiwa umefikia rangi ya duara kitupe. Tikisa kabla ya kuvuta. Nusu mililita, msuli wa bega, bomba kwenye sanduku la usalama bila kurudishia kifuniko.

Ninapotaka tukae ni kwenye kuzimia. Wasichana wa umri huu wanazimia na sindano yoyote, sio hii tu, ni woga na damu kupungua ghafla kichwani. Siku moja tulipewa kundi la mabinti kama 20 kutoka shule moja, tukawapanga mstari mrefu mlango ukiwa wazi, jua kali, wengine hawajala. Wa nne akaanguka baada ya kusimama. Wa saba alikuwa anamwona, naye akakaa chini kabla hata hajaguswa. Wa nane analia. Ndani ya dakika tano ukumbi mzima unapiga kelele na mwalimu kashika kichwa. Wote walikuwa wazima nusu saa baadaye, ila habari iliyofika mtaani ni kwamba sindano imeangusha watoto. Kosa halikuwa la chanjo, lilikuwa la mstari wetu.

Na hii ikikua inakuwa kubwa. Colombia, mji wa El Carmen de Bolívar, mwaka 2014 mamia ya wasichana walipata kuzirai, ganzi, maumivu ya kichwa, video zikasambaa. Uchunguzi haukupata uhusiano na chanjo, lakini dozi ya kwanza nchini humo iliyokuwa imefikia zaidi ya asilimia 90 ya wasichana ikaporomoka mpaka chini ya 20 ndani ya miaka michache.

Kwa hiyo: wakae benchi, wasisimame mstari. Anayechanjwa awe nyuma ya pazia, wanaosubiri wasione. Uliza nani hajala, mpe maji na kitu cha kutafuna kwanza. Aliyewahi kuzimia na sindano mchanje akiwa amelala. Baada ya hapo akae dakika 15, akae kweli, sio aambiwe kaa afu atoke akacheze.

Akizimia mlaze, miguu juu, wengine watolewe taratibu bila kelele. Mzimiaji wa kawaida anakuwa amepauka, jasho la baridi, mapigo yanakwenda polepole, anarudi ndani ya dakika moja mbili ukimlaza. Mzio mkali ni kitu kingine, ngozi inavimba na kuwasha, midomo au macho yanavimba, pumzi inapiga filimbi, mapigo mbio, na kumlaza hakumsaidii. Ni nadra mno, kama 1.7 kwa kila dozi milioni moja, ila hiyo ndo sababu adrenalini iko mezani kabla hujavunja kichupa cha kwanza. Angalia tarehe yake leo. Sio kesho, mimi niliwahi kuikuta imepitwa miezi miwili na ilikuwa imekaa kwenye trei siku zote hizo tukiitazama.

Tukio lolote la kushtua lijazwe kwenye fomu ya maudhi ya chanjo na liripotiwe, na mzazi ajue limeripotiwa. Ukimya wetu ndo chakula cha uvumi.

Hatua ya 8: andika

Tarehe, namba ya toleo la chanjo, dozi ya ngapi. Kadi ya binti, rejista, na mfumo wa kompyuta kama upo. Kadi mwambie mama aitunze, anaweza kuihitaji binti akihama shule. Ratiba ya dozi mbili, ya pili ni baada ya miezi 6, akichelewa hata mwaka anaendelea pale pale, haanzi upya.

Hatua ya 9: akikataa

Atakataa mtu, na siku hiyo usigombane naye. Muulize "nini hasa kinakupa wasiwasi?" na usikilize mpaka mwisho. Baba mmoja alinitolea simu, akanichezea ujumbe wa sauti wa dakika sita, mtu anajiita daktari anasema mambo. Nilisikiliza dakika zote sita, foleni inanisubiri. Alipomaliza nikamwambia nimesikia, kipi kati ya hivyo kimekushtua zaidi? Kilikuwa kimoja tu, ugumba. Tukaongea hicho kimoja. Hakukubali siku hiyo. Nikamwandikia kwenye kadi "waongee nyumbani, arudi siku yoyote ya kliniki", nikamwambia mlango uko wazi, nikamwomba namba ya simu.

Wiki tatu baadaye alimleta, hakusema neno, akaweka kadi mezani.

Weka daftari la uvumi. Kila unachokisikia andika na tarehe. Ukiona kitu kimoja kimetokea mara nne wiki moja, ujue kuna ujumbe unazunguka, hapo mpigie wa chanjo wilayani, waambie wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu, viongozi wa dini, kabla hakijawa moto. Japani ilionyesha gharama ya kuchelewa: Juni 2013 serikali iliacha kuipendekeza chanjo kwa nguvu baada ya habari za madhara, waliochanjwa wakashuka kutoka zaidi ya asilimia 70 mpaka chini ya 1, na pendekezo likarudi rasmi Aprili 2022. Karibu miaka tisa ya mabinti imepita hapo katikati.

Na wale waliosema watarudi, wapigie. Sio meseji ya jumla, piga, dakika mbili, "mama fulani, nilikuona na binti yako kliniki, kesho tupo, muda gani utakuja?" Kwangu simu imerudisha watu wengi kuliko mabango yote.

Hatua ya 10: mama mwenyewe

Binti akiwa amekaa zile dakika 15, una mama mbele yako ambaye hana pa kwenda. Yeye chanjo haikumkuta utotoni. Muulize kama aliwahi kupimwa mlango wa kizazi, uchunguzi unaanza miaka 30 kwa wengi, 25 kwa anayeishi na VVU, na hata binti aliyechanjwa leo atahitaji kupimwa akifika umri huo maana chanjo haizuii aina zote. Mama wengi watasema hawajawahi. Kama kipimo kipo hapo hapo kituoni usimwonyeshe chumba kwa kidole, nyanyuka mpeleke mpaka mlangoni, mwite nesi wa huko kwa jina, mwambie huyu ni wa kwangu, binti yake yuko kwangu ananisubiri.